Friji linanitekenya nikiligusa peku: fundi anasema ethi ipo, mimi siioni

#1 Mwisho wa Reli
Wakuu, habari za jioni. Nipo Kigoma mjini, pande za Mwanga. Nyumba ni ya urithi, mzee aliijenga kwa awamu: kwanza sebule na vyumba viwili, miaka kadhaa baadaye akaongeza jiko na chumba cha uani. Tumehamia mwezi uliopita.

Tatizo ni hili. Nikishika mpini wa friji nikiwa peku kwenye sakafu ya saruji, kuna kitu kinanitekenya mkononi. Siyo shoti ya kumrusha mtu, ni kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Nikivaa ndala hakuna kitu. Mke wangu anasema nazusha, ila yeye jikoni havui ndala hata siku moja.

Nimemwita fundi. Akachomeka multimita kwenye soketi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) 228, laivu na ethi (unaopeleka ardhini umeme unaovuja) 226. Akasema "ethi iko fiti, friji lako bovu, uza". Alipoondoka nikazima mein swichi, nikafungua kifuniko cha boksi la breka. Waya wa kijani upo, unazama ukutani, basi. Nimezunguka nyumba mara mbili sijaona rodi yoyote ya ethi iliyopigwa ardhini. Halafu nikawasha tena, nikapima mwenyewe bati la friji na bomba la sinki: volti 97.

Niuze friji au nibadilishe fundi?

#2 Kitoweo
Ngoja waje wajuvi. Nimekaa kwenye mkeka.

#3 Dagaa Mchele
Uza friji. Nipe mimi, natembea na ndala maisha yangu yote.

#4 Waya Mwekundu
Mkuu, hiyo ni laivu na nyutro zimegeuzwa kwenye soketi. Imenitokea Gungu. Chukua testa ya bisibisi, tundu la kulia ukiliangalia soketi kwa mbele ndiyo laivu. Ikiwaka kushoto, umepata mchawi wako.

#5 Mnyamwezi wa Ipuli
#4 hapana. Laivu na nyutro zikigeuzwa friji linafanya kazi kama kawaida na bati halipati umeme kwa sababu hiyo peke yake. Ubaya wake ni kwamba ukizima swichi ya soketi, ndani bado kuna laivu.

Hiyo 97 inaniambia kitu kingine. Kifaa chenye filta ya kapasita ndani, moja kutoka laivu kwenda kwenye bati na nyingine kutoka nyutro, kikikosa ethi bati lake linaelea katikati, karibu nusu ya 230. Ndiyo maana hata king'amuzi au kompyuta hukutekenya. Mkondo ni mdogo mno, hauui, lakini unakuambia ethi haipo.

#6 Mwisho wa Reli
Mnyamwezi asante. Lakini fundi alipima ethi akapata 226. Inakuwaje ipo halafu haipo?

#7 Binti Ujiji
Swali la kijinga labda: fundi alipima soketi IPI?

#8 Mwisho wa Reli
Ya sebuleni, iliyo karibu na boksi.

#9 Binti Ujiji
Na friji liko jikoni. Kwenye awamu ya pili ya mzee.

#10 Kitoweo
😂😂 Mkeka umepata moto.

#11 Fundi Mstaafu
Binti ameuliza swali ambalo fundi wa 226 alipaswa kujiuliza. Nimefanya wayaringi tangu nyaya za nyumbani zikiwa nyekundu na nyeusi, kabla ya hizi za kahawia na bluu, na nimekuta nyumba nyingi zenye waya wa kijani unaopendeza machoni usiokwenda popote.

Kijana, multimita ni kitu cha kudanganywa kirahisi. Yenyewe inataka mkondo kiduchu sana ili isome. Waya wa ethi ukigusa nondo ndani ya ukuta wenye unyevu, multimita itakusomea 226 ukafurahi. Siku laivu ikigusa bati la friji kweli, huo ukuta hauwezi kupitisha mkondo wa kuiangusha breka. Volti zimekuja, nguvu haipo.

Tena hata rodi ikiwepo, piga hesabu. Breka ya 32 ya aina B inaweza kutaka hadi ampea 160 ili ikate papo hapo. 230 gawa kwa 160 ni ukinzani wa kama omu 1.4. Rodi moja kwenye udongo wetu inakupa makumi ya omu. Tuseme 50: 230 gawa kwa 50 ni ampea 4.6. Breka itaiona hiyo kama pasi imechomekwa, itaendelea kulala. Ndiyo maana nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe lazima iwe na RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30.

#12 Waya Mwekundu
Shikamoo mzee. Nakubali kusahihishwa.

#13 Fundi Mstaafu
Marahaba. Hata mimi nimewahi kugeuza soketi.

#14 Mama Wawili
Jamani hapo kwa mzee kwenye ampea 4.6, LUKU yangu inaisha haraka na kila mtu ananiambia ni friji. Inaweza kuwa hicho kitu?

#15 Mnyamwezi wa Ipuli
Inawezekana dada. 4.6 mara 230 ni kama wati 1,058. Ikivuja saa 24 ni zaidi ya uniti 25 kwa siku, zote zinaingia ardhini kupasha moto minyoo. Zima kila kifaa, chomoa kila kitu, ukiacha breka zimewaka, kisha tazama kama taa ya mita bado inapepesa. Ikiendelea kupepesa, shusha breka moja moja mpaka itulie. Hiyo breka ndiyo ina mwizi.

#16 Mama Wawili
Nimefanya. Haipepesi. Kumbe ni friji kweli, na watoto wa dada yangu wanaoga maji ya moto.

#17 Pasi Baridi
Mbona mnazunguka? Suluhisho ni la shilingi mia tano. Toa kipande cha waya kwenye baa ya nyutro, unganisha na baa ya ethi ndani ya boksi. Nyutro kule kwenye transfoma si imezikwa ardhini? Basi umepata ethi. Mimi nimefanya hivyo nyumba tatu, shoti imeisha.

#18 Fundi Mstaafu
Pasi Baridi, shoti haijaisha, imekaa inasubiri. Siku nyutro ikikatika kwenye nguzo, au skrubu yake ikilegea kwenye mita, umeme ulioingia kwa laivu utatafuta njia ya kurudi. Utapita ndani ya taa na redio, utafika kwenye nyutro isiyo na pa kwenda, utaingia kwenye kile kipande chako cha shilingi mia tano, na kutoka hapo uko kwenye bati la friji, la jiko, la pasi, vyote kwa pamoja. Taa zimezima, watu wanadhani umeme umekatika, wanagusa vitu bila hofu.

Nyutro na ethi kuunganishwa kwenye miundombinu ya shirika la umeme kwa utaratibu wao ni jambo lingine. Wewe nyumbani kwako usijipe kazi hiyo.

#19 Mbuzi wa Kasulu
Naomba kuthibitisha #18. Nyumbani kwetu fundi alifanya hivyohivyo, tena akafunga na waya kwenye bomba la chuma la uani "kuongezea nguvu". Siku moja umeme ukazima nyumba nzima asubuhi. Mbuzi tulikuwa tunamnyweshea kwenye ndoo ya bati chini ya lile bomba. Siku hiyo akasogeza pua, akaruka nyuma. Akasogea tena, akaruka. Bibi akasema mbuzi ameona nyoka, akaenda na fimbo kumtafuta. Mjomba ndiye aliyeshtuka, akavaa viatu vya mpira akaenda kushusha mein swichi. Nyutro ilikuwa imeungua nguzoni.

Jina langu humu limetoka hapo.

#20 Dagaa Mchele
Mbuzi ana leseni daraja gani?

#21 Mbuzi wa Kasulu
Zaidi ya fundi wetu.

#22 Pasi Baridi
Sawa wakuu nimeelewa. Kesho naenda kuvitoa. Nyumba ya tatu ni ya mama mkwe, sijui nitaanzaje.

#23 Kapteni wa Kibirizi
Mimi naona mnamsahau mtu mmoja: BOMBA. Mleta uzi kapima friji na bomba akapata 97. Nani kasema friji ndilo lenye umeme? Huenda friji liko salama na bomba ndilo limebeba, kutoka kwa jirani au kwenye hita ya maji. Volti ni tofauti ya sehemu mbili, haisemi mkosaji ni nani.

#24 Mwisho wa Reli
Kapteni umenivuruga kabisa. Sina hita, lakini jirani anayo.

#25 Binti Ujiji
Mtekenyo anaupata akisimama sakafuni akigusa friji, siyo akigusa bomba. Saruji imemsimamia kama shahidi.

#26 Kapteni wa Kibirizi
Ajaribu kugusa bomba peku basi.

#27 Fundi Mstaafu
Asijaribu kugusa kitu chochote kwa ajili ya utafiti. Kijana, chomoa friji, pima tena soketi ya jikoni peke yake: laivu na ethi, kisha nyutro na ethi. Halafu rudisha friji upime tundu la pili lililo pembeni yake kama ni soketi ya matundu mawili. Tupe namba.

#28 Mwisho wa Reli
Nimepima. Friji likiwa limechomekwa, tundu la pembeni laivu na ethi ni 131. Friji likichomolewa namba zinacheza, mara 40, mara 18, haitulii.

#29 Mnyamwezi wa Ipuli
131 na 97 ni 228. Zinajumlika kabisa na volti zako. Hiyo ethi ya jikoni inaning'inia hewani, haijafika hata kwenye boksi. Kesi imekwisha.

#30 Fundi Mstaafu
Ethi ya jikoni imekwisha, nakubali. Kinachotia umeme kwenye bati bado. Friji ni la aina gani, jipya?

#31 Mwisho wa Reli
La zamani, la mzee. Lile la kuvuma kama meli.

#32 Fundi Mstaafu
Basi filta ya kapasita aliyosema Mnyamwezi siidhani. Friji la kizamani halina mambo hayo, lina mota, thamostati na taa. Mimi nashuku mota imezeeka, ngozi ya nyaya zake imeanza kuachia kidogo. Ipimwe kwa mega, kile kipimo cha uzima wa ngozi ya nyaya, volti 500 za DC, kati ya nyaya na bati. Ikishuka chini ya megaomu moja, friji linaanza kuaga.

#33 Mnyamwezi wa Ipuli
Mzee kwa heshima zote, hata mota nzima ina ukapasita wake kati ya nyaya na bati. Multimita ya dijitali itauona bila ubovu wowote.

#34 Fundi Mstaafu
Ukapasita wa mota hautekenyi mtu mzima, mdogo wangu.

#35 Mnyamwezi wa Ipuli
Ngozi kavu haitekenywi. Anayetoka kuosha vyombo je?

#36 Umeme Wetu
Mimi nasema haya yote yalianza gridi ilipokuja. Enzi za jenereta za dizeli nani aliwahi kupigwa na friji hapa Kigoma?

#37 Dagaa Mchele
Enzi za jenereta friji lenyewe lilikuwa kabati la vyombo. Litakupigaje?

#38 Mama Wawili
😂 Lilikuwa kabati kweli. Mimi nilitunzia nguo za watoto.

#39 Chumvi ya Uvinza
Kuhusu rodi: chimba shimo, weka mkaa na chumvi, mwagia maji. Omu zinashuka sana. Na chumvi mnajua inapatikana wapi.

#40 Fundi Mstaafu
Zinashuka kweli, kwa muda. Mvua za masika zinaiyeyusha chumvi, na inayobaki inaila klampu. Baada ya misimu michache unavuta waya unatoka na unga wa kijani. Afadhali uongeze rodi ya pili, na iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe. Ukizibananisha ni kama umeweka moja.

#41 Mnyamwezi wa Ipuli
Huku Tabora mwezi wa tisa ardhi ni tofali. Ethi iliyopimwa Machi ikakupa raha, Septemba inakukana. Baba yangu rodi yake aliichimbia pale maji ya kuogea yanapotokea. Tulimcheka, sasa hatucheki.

#42 Waya Mwekundu
Njia rahisi ya kupima ethi: chukua taa ya wati 100 ya zamani, ile ya waya wa moto, unganisha laivu na ethi. Ikiwaka vizuri ethi ipo.

#43 Fundi Mstaafu
Wewe leo nitakufunga kamba. Taa hiyo inakula ampea 0.43 tu. Rodi mbovu ya omu 100 bado itaiwasha na utapiga makofi. Na ethi ikiwa imekatika njiani, umesukuma laivu kupitia taa mpaka kwenye mabati ya vifaa vya nyumba nzima huku mkeo ameshika friji. Kuna kipimo cha ethi cha kazi hiyo.

#44 Mpangaji Katubuka
Naomba kuuliza pembeni. Boksi langu kuna breka moja ina rangi ya kahawia pembeni, kama imeungua, na jioni kuna harufu.

#45 Binti Ujiji
Harufu gani?

#46 Mpangaji Katubuka
Kama samaki.

#47 Dagaa Mchele
Uko Kigoma. Harufu ya samaki ni hewa.

#48 Binti Ujiji
Dagaa acha utani hapo. Mpangaji nisikilize. Kwetu Ujiji tulikaa na harufu hiyo wiki mbili, mama akidhani ni dagaa walioanikwa kwa jirani. Mpaka tukagombana na jirani. Kumbe ni plastiki ya breka inaungua polepole, skrubu yake ilikuwa imelegea. Kaka alipoishusha ile breka na kuigusa, ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Waya uliokuwa ndani ulikuwa umekakamaa, ngozi yake imekuwa nyeusi, ukiukunja inapasuka kama ganda la karanga. Ya jiko la umeme, na tulikuwa tunapikia kila jioni. Ndiyo maana harufu ilikuja jioni.

Shusha hiyo breka SASA na usiiwashe.

#49 Mpangaji Katubuka
Nimeshusha. Imezima jiko.

#50 Fundi Mstaafu
Binti amenena. Naongeza: asiyejua asifungue boksi kwa kuwa tu amezima mein swichi. Nyaya zinazotoka kwenye mita kuja juu ya swichi bado zina umeme, haijalishi umezima nini. Wa kuzikata hizo ni shirika, siyo wewe. Mleta uzi umetuogopesha kwenye #1.

Mpangaji, fundi akifika aangalie breka ina namba gani na waya una unene gani. Nimekuta breka ya 63 kwenye waya wa milimita 2.5, kisa ya mwanzo "ilikuwa inasumbua kuanguka". Waya ndio unakuwa fyuzi.

#51 Waya Mwekundu
Waya wa 2.5 si breka ya 32?

#52 Mnyamwezi wa Ipuli
32 ikiwa umezungusha ringi, waya umetoka kwenye breka ukapita soketi zote ukarudi. Ukienda moja kwa moja na kuishia, weka 20. Tatizo mtu anakata ringi ili kuongeza chumba, breka inabaki 32.

#53 Mwisho wa Reli
Wakuu, mrejesho. Nimeleta fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati, na kipimo cha ethi mkononi. Amepanda darini. Waya wa ethi wa jikoni unaishia kwenye boksi la makutano pale ukuta wa zamani unapokutana na mpya, ncha yake imevishwa mfuko wa rambo ukafungwa kwa uzi.

#54 Dagaa Mchele
Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019. Tunajua sasa umri wa kosa.

#55 Mwisho wa Reli
Na rodi ya nyumba tumeiona. Ilikatwa zamani wakati wa kuchimba karo, kipande kimebaki kama urefu wa kiganja, waya haujashikana nacho. Kwa hiyo ile 226 ya sebuleni ilitoka wapi hata yeye hajajua. Alisema ukuta. Fundi Mstaafu pia alisema ukuta. Kapteni sijui utasema bomba.

#56 Kapteni wa Kibirizi
Bomba.

#57 Mwisho wa Reli
Amepiga rodi mbili mpya, kipimo kimetoa omu 38. Ameunganisha ethi ya jikoni, ameweka RCD ya 30. Mtekenyo umeisha kabisa, mke wangu anasema haukuwepo. Namshukuru kila mmoja.

#58 Pasi Baridi
Kabla hujaondoka bonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD, ikianguka ujue ethi yako nzima.

#59 Mnyamwezi wa Ipuli
Ikianguka ujue RCD nzima. Kitufe hakiijui ethi kabisa. Hata bila rodi itaanguka. Na bila ethi RCD bado itakuokoa mtu akishika laivu, ila huyo mtu ndiye anakuwa waya wa ethi mpaka ikate.

#60 Mwisho wa Reli
Wakuu nimerudi. Siku ya nne leo. RCD inaanguka yenyewe usiku, saa kumi hivi. Mchana haina shida.

#61 Fundi Mstaafu
Mota ya friji. Nilisema.

#62 Mnyamwezi wa Ipuli
Siyo lazima. Saa kumi unyevu umejaa kwenye paipu za darini. Au taa ya nje, imelowa umande.

#63 Waya Mwekundu
Nyutro ya jikoni imegusa ethi pale kwenye boksi la rambo. Wakati wa kuunganisha.

#64 Binti Ujiji
Nyutro ingegusa ethi ingeanguka hata mchana. Nani anaamka saa kumi nyumbani kwako, na anawasha nini?

#65 Mwisho wa Reli
Mama. Anachemsha maji ya kuswalia kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Lakini anasema wakati mwingine inaanguka kabla hajaamka.

#66 Kapteni wa Kibirizi
Anajuaje kama hajaamka?

#67 Mwisho wa Reli
Nimemuuliza. Anasema migebuka yake imeyeyuka na yeye anataka kujua ni nani kati yenu atamlipa.